Mtoto anayekamata na mkono mmoja tu: kidonda kinatangulia, alama inachelewa

Kuko maneno tunayosikia mara nyingi katika malupango ya Lubumbashi, iwe Katuba, iwe Ruashi, iwe Kamalondo. Mama anasema: «Mutoto wangu alizaliwa muzima. Alilia, alinyonya, alikuwa anachezesha mikono yote mbili. Sasa iko na miezi saba, mukono wa kuume unabakia umefungwa. Nani alimufanyia vile?»

Ni ulizo la haki. Shida ni kwamba majibu yanakuja mbio kupita ulizo lenyewe. Jirani anasema ni sindano ya chanjo. Tante anasema mama alimbeba mtoto vibaya mgongoni. Kambo anakumbuka kwamba mkunga alivuta sana. Na mtu mwingine, kwa sauti ya chini, anataja jina la bibi mzee mmoja wa lupango ambaye siku moja alimpakata mtoto. Kisha miezi michache tunasikia kwamba mama amerudishwa kwao, ao bibi mzee amefukuzwa nyumbani kama mulozi. Na mtoto bado anakamata kijiko na mkono mmoja.

Majibu hayo yote yanatoka katika hesabu moja. Watu wanafikiri siku alama inapoonekana ndiyo siku jambo lilifanyika. Kwa ugonjwa huu haiko vile. Kidonda ndani ya ubongo kilikwisha kufanyika zamani, mara nyingi mtoto akiwa bado tumboni ao katika siku za kwanza za maisha. Alama yenyewe inakuja nyuma, miezi mine, mitano, sita, na kwa wengine mwaka mzima. Katikati ya siku ile na siku hii ndipo jamaa inatafuta mwenye kosa. Na ni hapo hapo, kwa bahati mbaya, ndipo wakati mzuri wa kumsaidia mtoto unapita.

Tuanze na ubongo. Upande wa kushoto wa ubongo unaamuru mkono na muguu wa kuume, na upande wa kuume unaamuru wa kushoto. Mwaka wa 1710, mjini Namur katika inchi tunayoita leo Ubelgiji, munganga wa jeshi la Ufaransa, François Pourfour du Petit, alichapisha barua tatu juu ya mambo hayo. Alikuwa ametunza askari waliopata vidonda vya kichwa, akaona kwamba mwili unalemaa upande ule usiopigwa. Sababu yake tunaijua vizuri leo: nyuzi zinazobeba amri ya ubongo zinashuka mpaka chini ya kichwa, karibu na shingo, na pale karibu tisa juu ya kumi zinavuka kwenda upande mwingine. Kwa hiyo mtoto mwenye mkono wa kuume uliolala hana kidonda katika mkono. Mkono uko muzima, mifupa mizima, nyama nzima. Amri ndiyo haifiki.

Wanganga wanaita hali hiyo hemiplejia, ni kusema nusu ya mwili. Ni namna moja ya kile kinachoandikwa kwenye kikaratasi cha hopitali «IMC», herufi tatu ambazo wazazi wengi wanatoka nazo bila mtu kuwaelezea kitu.

Kidonda chenyewe kinatoka wapi? Kuko njia mbili kubwa. Ya kwanza, mtoto akiwa bado tumboni, mbele ya mwezi wa nane, damu inamwagika kidogo ao mshipa unazibwa karibu na vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo. Sehemu hiyo bado ni laini sana wakati ule. Mama hasikii kitu. Mtoto anaendelea kucheza tumboni, mimba inafika mwisho, anazaliwa na uzito mzuri, analia. Ya pili, karibu na siku ya kuzaliwa, kipande kidogo cha damu iliyoganda kinaziba mshipa mkubwa unaolisha upande mmoja wa ubongo. Ni jambo lile lile linalopiga wazee wenye tansio, lakini hapa linapiga mtoto mchanga. Linapiga upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi kupita wa kuume, ndiyo maana mkono wa kuume unapatikana sana katika hadisi hizi. Kuko pia watoto ambao sehemu moja ya ubongo haikujengwa sawasawa tangu mwanzo, lakini hao ni wachache.

Watoto wengine wanaopigwa siku ya kuzaliwa wanatoa alama katika siku tatu za kwanza: mkono mmoja ao muguu mmoja unatetemeka kwa mpigo, tak, tak, tak, na ukiushika hautulii. Hicho ni kifafa cha mtoto mchanga. Mama akikiona kwenye materinite asiogope kupiga kelele mpaka munganga afike. Lakini wengi hawatoi alama hata moja. Wanarudi nyumbani wakiwa wamefungwa katika kitenge kipya, watu wanacheza, na kidonda kiko tayari.

Sasa tufike penye siri ya jambo hili, maana hapa ndipo jamaa nyingi zinapotea. Kama kidonda kilikuwa pale tangu kuzaliwa, juu ya nini mtoto alikuwa anachezesha mikono yote mbili kwa miezi mitatu?

Mtoto mchanga haongozi mikono yake sawa sisi. Kwanza, kuchezacheza kwake kwa wiki za mwanzo hakutoki sana katika sehemu ya ubongo inayoamuru vidole. Pili, anapozaliwa, kila upande wa ubongo unatuma nyuzi kwa mikono yote mbili: zile zinazovuka, na pia zile zisizovuka, zinazobakia upande wao. Munganga Janet Eyre na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walifuata watoto wachanga kwa miaka, wakipima amri hiyo inavyoshuka toka kichwani mpaka mkononi. Walikuta kwamba kwa mtoto muzima nyuzi zisizovuka zinapungua nguvu pole pole katika miaka miwili ya kwanza, na zile zinazovuka zinashinda. Ni sawa njia za miguu zinazopita katika pori. Njia ambayo watu wanapita kila siku inabakia wazi na inakuwa ngumu. Ile ambayo hakuna mtu anayepita, majani yanaimeza.

Kwa mtoto mwenye kidonda upande mmoja, mashindano hayo yanaharibika. Upande wa ubongo ulioumia unatuma amri chache, kwa hiyo njia zake zinamezwa na majani. Upande muzima nao unatuma nyingi, na njia zake zisizovuka, zile ambazo zilipashwa kupungua, zinabakia na zinakamata nafasi. Mtoto anajikuta mikono yake yote mbili inaamuriwa na upande mmoja wa ubongo. Kwa hiyo mkono haukulemaa siku moja. Ulishindwa pole pole, wiki kwa wiki, mbele ya macho ya watu wanaompenda mtoto, na hakuna aliyeona.

Kuko alama moja ya ajabu inayotoka katika hali hiyo, na wazazi wengi wanaifahamu bila kujua maana yake. Umwambie mtoto wa miaka sita afungue na kufunga vidole vya mkono muzima. Utaona mkono mwingine nao unafungua na kufunga, kidogo kidogo, kama kivuli, bila yeye kutaka. Watoto wazima wadogo wanafanya hivyo pia, lakini kwao inaisha wanapokua. Kwa wengi wenye hemiplejia haiishi, juu bwana mmoja anaamuru watumishi wawili.

Wengine watauliza: na mkunga? Na kuzaa kwa shida? Ugomvi huu ni wa zamani kupita sisi. Katika miaka ya 1860 munganga wa London, William John Little, alitangaza kwamba kuzaa kwa shida na kukosa pumzi ndiyo mama wa ulemavu wa watoto. Watu wakamwamini. Karibu miaka 30 nyuma, munganga mwingine wa Vienna alimpinga. Jina lake ni Sigmund Freud, yule yule ambaye dunia inamjua kwa mambo ya ndoto, lakini mbele ya kazi hiyo alikuwa munganga wa mishipa ya fahamu. Mwaka wa 1891, pamoja na Oskar Rie, alitoa kitabu kizima juu ya watoto waliolemaa upande mmoja. Katika maandiko yake ya miaka ile akasema neno zito: labda kuzaa kwa shida siyo sababu kila mara. Labda mtoto alikwisha kuumia tumboni, na ndiyo maana kuzaliwa kwake kukawa kwa shida.

Freud hakusikilizwa sana, lakini kwa hemiplejia wakati umempa haki. Mtoto akikosa pumzi sana wakati wa kuzaliwa, kwa kawaida pande mbili za ubongo zinaumia. Anakuwa mgumu mwili mzima, ao anapindapinda bila kupenda, ao hawezi kumeza vizuri. Upande mmoja tu kulala siyo kawaida ya kukosa pumzi. Hatusemi kwamba kila materinite yetu inafanya kazi sawasawa. Wasomaji wanajua hali ilivyo. Lakini mama ambaye mtoto wake amelala mkono mmoja, na ambaye miaka yote anamlaani mkunga ao anajilaani mwenyewe kwa kubeba maji mazito na mimba, anapaswa kusikia neno hili.

Na hesabu? Kwa inchi yetu hatuna hesabu ya kuaminika tunayoweza kuweka hapa, lakini jirani yetu Uganda walihesabu. Wanganga wa Kampala wakiwa pamoja na wenzao wa Sweden walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Iganga na Mayuge, na mwaka wa 2017 walitangaza kwamba karibu watoto 3 juu ya 1,000 wana IMC ya namna zote. Inapita kidogo hesabu ya Ulaya, ambako ni karibu 2. Lakini jambo lililotushitua zaidi ni lingine: kwa karibu mtoto mmoja juu ya wanne kidonda kilikuja nyuma ya mwezi wa kwanza wa maisha, zaidi kwa njia ya malaria kali yenye degedege. Ulaya jambo hilo ni haba. Kwetu, ambako malaria ni ile ile, hakuna sababu ya kufikiri kwamba tuko mbali na Uganda.

Kwa hiyo tusifanye kosa lingine, la kufikiri kila mkono uliolala ni wa zamani. Mzazi anapaswa kujua kutenga mambo, maana mengine hayangojei kesho.

Mtoto aliyekuwa anakimbia na kukamata vitu na mikono yote mbili, na ambaye kwa ghafla, kwa saa moja ao usiku mmoja, anapoteza upande mmoja, mdomo unapinda: huyo hana hadisi tuliyoeleza. Huyo anapelekwa hopitali siku ile ile. Kama ana homa, inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani ao ugonjwa wa uti wa mgongo. Kama jamaa inajua kwamba ni mtoto wa «SS», ni kusema ana damu ya drepanositozi, inaweza kuwa mshipa wa ubongo umezibwa, na umri wa hatari unaanza tangu miaka miwili. Dawa ya hidroksiurea inasaidia watoto hao. Ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika katika inchi ine, moja ikiwa Congo yetu, mjini Kinshasa, na majibu yalitoka mwaka wa 2019. Mtoto wa SS asingojee ulemavu ndipo aulizie dawa.

Mtoto ambaye muguu ao mkono unalegea, laini kama kitambaa, nyuma ya homa ya siku chache, huyo lazima atangazwe kwenye santé mara moja, juu ya polio. Katika hemiplejia, nyuma ya miezi ya kwanza, mkono hauko laini. Unakaza. Kidole gumba kinaingia ndani ya ngumi, kiwiko kinakunjika, kisigino kinapanda.

Na sindano? Hapa tunatoa haki kwa watu, maana hawajaota. Sindano ya kinini iliyopigwa vibaya kwenye tako inaweza kweli kuumiza mshipa mkubwa unaoshuka muguuni, na watoto wengi wa Afrika wamelemazwa vile. Lakini angalia: sindano hiyo inaharibu muguu ule ule iliopigwa, unyayo unalegea na kuburuza, na inaonekana mara moja, siku ile ao kesho yake. Haiwezi kukunja mkono. Kama mkono na muguu wa upande mmoja vyote viko vizito, sindano haina hatia, na munganga mdogo wa kartye aliyeipiga naye hana.

Kuko jambo lingine linalowashangaza hata wanganga. Mzee akizibwa mshipa upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi anapoteza maneno pamoja na mkono wa kuume. Anajua anachotaka kusema, na mdomo unakataa. Mtoto aliyepata kidonda kile kile, pahali pale pale, siku ya kuzaliwa, anajifunza kusema. Anachelewa kidogo labda, lakini anafika: anasema Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha masomo, anabishana na yaya wake sawa mtoto yeyote. Ubongo mchanga unaweza kuhamisha lugha upande mwingine, ambako kuna nafasi. Katika miaka ya 1930, Margaret Kennard wa Marekani aliona kwa wanyama kwamba kidonda cha utotoni kinasamehe kuliko kile cha ukubwani, na watu wakafurahi, wakaifanya kuwa sheria. Haiko sheria. Lugha inahama, vidole havihami vizuri. Mkono unaoamuriwa na upande usio wake unaweza kushika mzigo, kusukuma mlango, kukamata kikapu, lakini kufunga kifungo cha shati inabakia kazi kubwa. Ndiyo sababu mtoto huyu anaweza kuwa wa kwanza katika kilasi na bado ashindwe kufunga viatu vyake. Tusimpime akili kwa mkono.

Turudi kwa mzazi ambaye mtoto wake ana miezi mitano. Atajuaje?

Mtoto muzima hachagui mkono mbele ya mwaka mmoja. Wengi wanachagua nyuma ya mwaka na nusu, na wengine wanachelewa zaidi. Kwa hiyo mtoto wa miezi mitano ao sita ambaye kila mara anakamata na mkono ule ule, hata kitu kikiwa upande mwingine, huyo siyo «mjanja» wala «ameanza mapema». Ni alama. Tunajua namna jamaa zinavyofurahi: «Ona, iko tayari na mukono wake!» Tafadhali, furaha ile ingoje. Weka mtoto juu ya magoti, mgongo wake juu ya tumbo lako, na umuonyeshe kijiko kinachong'aa mbele ya kifua, katikati. Kisha kwa kuume. Kisha kwa kushoto. Ushike pole mkono ule anaopenda, uone kama mwingine unatoka kutafuta kijiko. Angalia pia ngumi: nyuma ya miezi mine vidole vinapaswa kufunguka vyote sawa. Anapotambaa, je, anaburuza upande mmoja? Akisimama, kisigino kimoja kinabakia juu?

Ukiona tofauti inayobakia wiki mbili tatu, ukaiseme siku ya kupima kilo. Sema wazi: «Anakamata na mukono moja tu, na mwengine unafungika.» Usikubali jibu la «itapita» bila mtu kumgusa mtoto. Na usife moyo kama hakuna IRM, maana kwa mashine hiyo wengi wetu tutangoja bure. Ekografi kupitia utosi inaonyesha damu iliyomwagika katikati ya ubongo, ijapo inaweza kukosa mshipa uliozibwa. Lakini kuko uchunguzi ulioanzishwa katika hopitali ya Hammersmith, London, ambao munganga ao kine aliyejifunza anafanya kwa mikono na macho yake, kwa dakika chache, bila umeme hata. Mwaka wa 2017 wataalamu wa inchi nyingi walikubaliana kwamba kwa njia kama hizo ulemavu huu unaweza kutambuliwa mbele ya miezi sita. Kwetu watoto wanafika kwa kine wakiwa na miaka miwili, mitatu, mine. Wakati huo njia zimekwisha kumezwa na majani.

Maana kazi yenyewe ni kufungua njia, na njia inafunguliwa kwa kupitwa. Kule Sweden, Ann-Christin Eliasson na wenzake walichukua watoto ambao hawajafika mwaka mmoja. Wazazi walijifunza kuvika mkono muzima kitu chepesi usikamate, kisha kucheza na mtoto ili mkono mwingine utafute wenyewe: nusu saa kwa siku, siku sita kwa juma, kwa majuma sita, wapumzike majuma sita, kisha warudilie. Watoto wengine walikandwa tu na wazazi wao kwa muda ule ule. Mwaka wa 2018 waliandika kwamba wale waliocheza walitumia mkono wao vizuri kupita wale waliokandwa. Watoto hawakuwa wengi, na hakuna aliyepona kabisa. Lakini sisi tunaona maana kubwa katika tofauti hiyo, juu kukanda ndiyo dawa ya kwanza ya kambo zetu: maji ya moto, mafuta, kuvuta kidole. Kukanda kunapendeza, kunalegeza nyama, na kambo asikatazwe. Ila mtoto anayekandwa amelala, na ubongo wake haujaamuru kitu. Mkono lazima utafute kijiko wenyewe.

Neno la kuangalia: soksi laini kwenye mkono muzima, nusu saa ya mchezo, mzazi akiwa pale na kine akiwa amekwisha kuonyesha namna, hiyo ni dawa. Kufunga mkono na kamba siku nzima ni mateso, na kunaweza kuharibu mkono ule unaofanya kazi. Mtoto akilia, soksi inatoka.

Nyuma ya miaka miwili ao mitatu, mchezo unabadilika. Sasa anatafuta kazi za mikono miwili: kushika sahani mkono mmoja ukifuta na mwingine, kumenya ndizi, kufungua chupa, kuosha nguo ya ndani yake, kupiga ngoma. Kwa namna hiyo wanafanya kazi hata Ubelgiji, katika chuo kikuu cha Louvain, na watoto wanacheza saa nyingi kila siku kwa majuma mawili. Hapa kwetu lupango lina vyombo vyote. Kuko pia vituo vinavyojua kazi ya walemavu, sawa Heri Kwetu ya Bukavu na Shirika la Umoja ya Goma, na katika miji mingine kine wa hopitali ya serikali. Franga ya usafiri ndiyo inashinda wazazi kupita franga ya kine. Kwa hiyo kine mwenye akili anafundisha mama na baba, anawapa mchezo wa mwezi mzima, kisha wanarudi.

Tuseme pia juu ya mkono wa kushoto, maana hapa tunaumiza watoto kwa jina la adabu. Mtoto ambaye mkono wa kuume umelala anapokea na kushoto, anapeana na kushoto, anakula bukari na kushoto. Katika nyumba nyingi anapigwa kwa hiyo. Kwenye masomo mwalimu anamgonga vidole ili aandike na kuume. Mtoto hawezi kueleza, kwake mambo yamekuwa vile siku zote. Baba anapaswa kwenda kumuona mwalimu mbele ya mwaka wa masomo kuanza, aseme mtoto huyu ataandika na kushoto, mkono wa kuume utashikilia daftari, na huo ndio utakuwa kazi yake. Nyumbani vilevile: akipeana kitu na kushoto, aweke mkono wa kuume pale chini kusaidia. Wazee wataona heshima, na mkono utafanya mazoezi. Na kwa wazazi wengine ambao mtoto wao wa miaka mitatu anapenda kushoto na mkono wa kuume uko mwepesi, unafunguka, unakamata: huyo ni wa kushoto tu, sawa mtu mmoja juu ya kumi katika dunia. Mumuache.

Wengi wa watoto hawa wanatembea, zaidi mbele ya miaka miwili na nusu. Kuko mambo mawili ya kufuata. Kifafa kinakuja kwa karibu mmoja juu ya watatu, hata miaka nyuma, na kina dawa ya kila siku ambayo isiachwe. Macho pia: wengine hawaoni upande ule mmoja, na njia ya kujua ni kumwangalia kama anagonga milango ya upande huo ao anaacha chakula nusu ya sahani. Kwa mtoto kama huyo kuvuka barabara kunafundishwa kwa kugeuza kichwa chote.

Kidonda chenyewe hakikui. Kile kinachokua ni mtoto. Mifupa inarefuka, nyama iliyokaza haifuati, na kisigino kilichokuwa kinagusa chini kwa miaka mitano kinaanza kupanda kwa miaka kumi. Hapo watu wanasema ugonjwa umerudi, na hadisi ya mulozi inaamka tena. Ni kiatu kinachosema mbele ya wote: soli ya upande mmoja imekwisha kwenye vidole, na kisigino kingali kipya. Ukiona hivyo, umrudishe kwa kine mwezi ule ule, maana atele iliyomtosha mwaka jana haimtoshi tena.